Miaka Thelathini na Mmoja ya Kukataa Kudunga Sindano ya Chafya

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Chumba Namba Tatu cha kliniki yetu, Muuguzi Phelister Muhonja anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Ametibu nusu ya pua za Kariobangi na kuwaudhi karibu wenye pua hizo wote.

Kisa ni sindano. Wenye mzio wa vumbi huja wakitaka ile ya steroidi, inayokausha kamasi kwa wiki kadhaa. Yeye huwapa kidonge kisicholeta usingizi, huwafundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha huwauliza kuhusu godoro lao. Hakuna aliyepanga foleni tangu alfajiri ili aulizwe kuhusu godoro.

Mwaka 2016 alifika Bwana Ngigi, mtengenezaji wa makochi, mwenye kisukari na chafya za kutikisa dirisha.

"Sista, nidunge tu nirudi kazi. Sasa pua ni sufuria, eti nioshe na chumvi?"

Muhonja alimweleza kwamba sindano hiyo ingepandisha sukari yake. Ngigi akaenda moja kwa moja kwa wasimamizi. Barua ya onyo ilitoka siku hiyo hiyo, kasi ambayo kliniki yetu haijawahi kuirudia: lalamiko moja zaidi, na Muhonja atafute kazi kwingine. Wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto wawili shule ya upili.

Jumatatu iliyofuata Ngigi alirudi. Muhonja alimkatalia tena, kisha akamfuata hadi karakana yake, akamwonyesha vumbi la sponji kuukuu alilokuwa akivuta mchana kutwa, akamvalisha barakoa. Maji ya chumvi Ngigi alijichanganyia mwenyewe, kwa kipimo cha chumvi ya kupikia githeri, mahindi na maharagwe ya harusi nzima. Alipoyamimina puani alipiga yowe, majirani wakaja mbio wakidhani amefiwa.

"Huyu mama ataniua!" aliwaambia.

Baada ya wiki sita alikuwa analala mdomo umefungwa. Lalamiko la pili hakuliandika. Shukrani pia hakuandika. Kliniki haina fomu yake.

Mwaka huu wasimamizi wamemtunuku cheti kwa kupunguza matumizi ya sindano, jambo ambalo, wanasema, waliliunga mkono tangu mwanzo.

Dada Muhonja, sisi wenzako tuliziogopa barua, ndiyo maana wagonjwa wabishi tuliwaelekeza kwako. Asante, na utuwie radhi. Tunakuombea mapumziko marefu na hewa safi huko nyumbani Vihiga.

Juzi, ukiwa unafunga mizigo, mama mmoja aliomba sindano katika Chumba Namba Tatu. Muuguzi mpya alimkatalia. Mama ameshaulizia ofisi ya wasimamizi iko wapi.