Mbweha wa Farasi

Basi lilipotoka Dinsho kwenda Robe, Fayo muuza siagi aliwategea sikio waliokaa kiti cha mbele yake, maana masikio hayalipi nauli. Mzee Galchu, mfugaji, alikuwa ameitwa Robe na wakubwa wa hifadhi ya wanyama. Mbwa mwitu wekundu wanne, wale wanaolindwa na sheria, walikutwa wamekufa karibu na zizi lake.

"Uliwapa sumu, baba?" akauliza Shamsiya, karani mstaafu wa mahakama, aliyekaa ubavuni pa mzee.

"Sumu! Sisi tunawaita mbweha wa farasi, mama. Farasi jike akikaribia kuzaa, humfuata kutwa wakingoja kondo la nyuma. Farasi wangu amezaa juzi. Kondo limeliwa na nzi, wa kulifuata wamekufa."

"Basi waambie hivyo."

"Nina mbwa. Watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa walipokuja nilimficha. Si wanasema mbwa akichomwa sindano hupoa ukali, hata fisi akipita humsabahi? Akapata kichaa, akawauma hao mbweha."

"Nyamaza, baba! Kuficha mbwa wataita kuua. Utafungwa uzee huu?"

"Mbweha wamebaki wawili. Nikinyamaza watasaka sumu, na mbwa wa majirani watabaki mafichoni bila chanjo."

"Wewe ndiye wakili wa mbweha?"

"Wana mwingine?"

Basi likasimama Robe. Abiria wakashuka, Shamsiya naye akashuka akinung'unika. Mzee hakuinuka upesi; alikuwa akirudia chinichini maneno atakayowaambia wakubwa. Fayo alitaka kumwambia neno, ila akabeba siagi yake akashuka haraka: nyumbani kwake, chini ya kitanda, ndimo alimomficha mbwa wake siku ile ile ya chanjo.