Lempi na Farasi Aliyepigwa Risasi

Mimi Hilma, dada mkubwa wa marehemu, ndiye niliyeombwa kusoma wasifu wake, na kwa kuwa shule sikukaa sana mtanivumilia nikikwama.

Mdogo wangu Lempi alizaliwa Viipuri, wakati huo mji wa Ufini, tarehe 9 Februari 1931, akaanza shule hukohuko, na mwaka 1937 baba yetu Arvi, mchoraji wa vibao vya maduka, akachora ubaoni huyu farasi mwekundu mnayemwona kando ya jeneza, akampa yeye, si mimi. Tarehe 30 Novemba 1939 mabomu ya Warusi yalipoanza, baba aliifunga picha mgongoni tukakimbilia stesheni, ndege ikashuka chini, risasi mbili zikapita kwenye farasi zikatokea kifuani kwa baba, askari wakatutupa ndani ya behewa pamoja na picha, baba tukamwacha kwenye theluji vilevile na damu yake.

Lempi alifanya kazi kiwanda cha nguo Tampere tangu 1947, akaolewa na Urho tarehe 21 Juni 1952, wakamzaa Raija 1954. Urho alikuwa amerudi kutoka vitani na kipande cha chuma kichwani, na mwaka 1958 akamwendea farasi na shoka akisema, "Huyu mnyama ananicheka," Lempi akaweka mkono, vidole viwili vikabaki sakafuni, farasi hakuguswa. Aprili iliyofuata barafu ya ziwa ilimvunjikia Urho akazama, na machozi yalikuwa machache, Raija unisamehe.

Mwaka 1966 jumba la sanaa la Helsinki likaomba kuionyesha picha, nami, tukifua mazulia ziwani kabla ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, nikaona aibu farasi wetu aende mjini mchafu, nikamlaza kifudifudi gatini, nikausugua mgongo wa picha kwa sabuni ya msonobari mpaka doa la kahawia, nililodhani ni kutu, likatoka lote. Lilikuwa damu ya baba. Lempi alinipiga ndoo ya usoni, kovu ndilo hili, na kwa miaka kumi na mmoja hakunisemesha, huku picha ikizunguka Helsinki, Turku na Stockholm ikisifiwa.

Saratani ya mapafu ilimshika 2007, akafariki tarehe 4 Machi 2009, saa tatu asubuhi, nimeushika ule mkono wa vidole vitatu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Dada, usijitese. Baba tulimwacha hajaoshwa. Ulimwosha wewe."

Tunawashukuru madaktari, majirani wa ghorofani na wenzake wa kiwandani. Farasi anakwenda kwa Raija, na matundu yake yasizibwe.

Lala, mdogo wangu, safari hii hatukimbii.