Rangi za Shingo ya Soli

Benchi letu liko kati ya duka la rangi na gereji, na hakuna jambo linalotushinda hapa isipokuwa kunyamaza. Asubuhi hiyo Soli, fundi viatu wetu, alirudi kutoka hospitali na karatasi mkononi. Wiki iliyopita walimkata kipande cha nyama kwenye uvimbe wa shingo, wakakitia kwenye mashine mpya inayomulika nyama na kusoma kemikali zake, ili daktari ajue kama ni saratani. Picha ikatoka na rangi tele, ndiyo hiyo karatasi. Soli akatunyoshea.

Brashi, mpaka rangi, akaipokea.

— Rangi ndiyo kazi yangu. Buluu hii ni uzima mtupu. Nyekundu hii ya pembeni ni mkono wa pili wa rangi, haujakauka.

— Mkono gani! akadakia Spana wa gereji. Mashine imesoma mafuta. Hiyo oili imechoka. Soli, umetembea mno bila sevisi.

— Mimi? Nashinda nimekaa nashona viatu!

— Ndiyo hapo! Gari lililopaki ndilo linalooza.

Bi Kahawa akatua birika.

— Ni gundi hiyo. Miaka ishirini anavuta harufu ya gundi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Gundi ni njano, bibie, akasema Brashi.

— Na kijani hiki? akauliza Bi Kahawa.

— Mboga, akasema Brashi.

— Shingoni?

— Zilikwama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, huyu kala kasimama!

— Jamani, akauliza Soli, kwa hiyo nimepona au nakufa?

Tukapiga kura. Buluu ikashinda. Spana akakataa matokeo, akataka amfungue mwenyewe ahakikishe. Bi Kahawa akamnyang'anya bisibisi.

Dada mmoja, mgeni kabisa, alikuwa anasubiri kikombe chake.

— Shikamooni. Samahani, daktari mwenyewe kasemaje?

Tukatazamana. Kisha sote tukamgeukia Soli.

— Daktari aligeuka kupokea simu, akasema Soli. Nikaichukua karatasi mezani, nikatoka kabla hajasema kitu. Naogopa, ndugu zangu.

Nami niliogopa, sifichi.

— Inuka, akasema Bi Kahawa, akamwaga kahawa yote iliyobaki. Twende kwa daktari.

Tukamweka katikati asije akatoroka tena. Spana akaanza kukaza mwendo.

— Polepole basi, jamani, akasema Soli.

Tukapunguza mwendo.