Msimfuate Marjun

Sogeeni hapa, Hanus mwanangu na wewe Marjun mkwe wangu, mjane wa mwanangu Eyðun, maana sauti yangu leo haifiki hata mlangoni, na ninayotaka kusema myasikie wawili kwa pamoja, asije mmoja akamwambia mwenzake kesho kwamba mzee alisema hivi au vile. Mimi ni Jóannes wa nyumba hii ya Uppistova. Mwalimu wa Kidenmaki aliniandika Johannes, kasisi akafuata alivyoandika mwalimu, nami nikaitika hivyo miaka yote ya shule kwa sababu fimbo ilikuwa yake. Kwenye kaburi langu andikeni Jóannes, kama mama yangu alivyoniita.

Nashukuru. Nashukuru kwa kondoo waliovuka baridi iliyopita, kwa nyama iliyokauka vizuri kibandani, na kwa jana, mliponishusha kwenda kumwona Mwanamke Sili, sanamu yetu ya pale ufukweni. Nilijua ni mara ya mwisho, na nyinyi mlijua. Hanus alinibeba mgongoni ngazi zote kama anavyobeba kondoo aliyevunjika mguu, akihema, akaniuliza, "Baba, umekula mawe?" Nikamjibu, "Nimekula mapishi ya shemeji yako, ndiyo maana hutaki aondoke." Hanus alicheka. Marjun hakucheka, nikaliona hilo.

Tulikaa mbele ya sanamu, shaba yake imelowa maji ya chumvi, ngozi ya sili inaning'inia mkononi mwake, na mjukuu wangu Sólrun akataka nimsimulie tena. Nikamsimulia kama nilivyosimuliwa: kwamba usiku mmoja wa mwaka sili, wale wanyama wa baharini, hupanda nchi kavu, huvua ngozi zao na kucheza kama watu, kwamba kijana wa hapa Mikladalur aliiba ngozi ya mmoja wao, akaifungia sandukuni, akamwoa na kuzaa naye, na kwamba siku moja alikwenda kuvua akausahau ufunguo nyumbani, naye mkewe akafungua, akavaa ngozi yake, akarudi majini. Sólrun akauliza, "Na kama asingeusahau?" Marjun, mama yake, akajibu bila kunitazama, "Angeendelea kupika." Basi mtoto akasema, "Sisi tutaondoka babu akishakufa."

"Nyamaza, wewe," mama yake akamwambia.

"Lakini ni wewe ulisema."

Msimkaripie. Mpaka jana, Marjun, nilidhani anayekuzuia ni Hanus, ambaye kila kikitajwa chuo cha wauguzi cha Tórshavn huuliza nani atamwangalia baba, na malisho ya marehemu Eyðun yatakuwa ya nani. Kumbe ufunguo nimeulalia mimi. Umepewa nafasi chuoni, umeiahirisha, umepewa tena, na masomo yanaanza wiki hii, nawe uko hapa unanipozea mchuzi. Marjun, tangu mume wako alipokufa hapakuwa na sheria ya kukuweka katika nyumba hii, na ulikaa. Uliniosha. Ulinisomea magazeti, hata matangazo ya boti, kwa kuwa nayapenda. Nakushukuru mbele ya Hanus, ili asije kusema siku moja kwamba ulitutupa.

Hanus, nisikilize vizuri hapa. Sehemu ya pili ya hadithi ile sikumaliza jana, kwa sababu mtoto alikuwa anasikia baridi. Wanaume wa kijiji walimfuata yule mwanamke mpaka pangoni, wakamuua mume wake sili na watoto wao. Ndipo akawalaani wafe baharini na majabalini, mpaka wafu watoshe kushikana mikono kukizunguka kisiwa chetu kizima cha Kalsoy. Ndugu yako Eyðun alipoanguka kule jabalini akikamata ndege wa baharini, watu walinong'ona kwamba naye amehesabiwa, na mimi sikuwajibu. Leo najibu. Laana haikuja kwa sababu aliondoka. Ilikuja kwa sababu walimfuata. Basi msimfuate Marjun, si kwa miguu, si kwa maneno, si kwa kumpigia simu kila kondoo anapozaa na kumuuliza anarudi lini. Najua hofu yako si malisho, mwanangu. Ni nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Hata mimi ningeiogopa.

Nyumba ni yako. Malisho ya Eyðun ni ya Sólrun, akae Tórshavn au akae mwezini. Wewe utayachunga, na kila mwaka baada ya kuchinja utampelekea nyama yake, mapaja, si shingo. Dánjal, aliyeshika kamba ya Eyðun siku ile jabalini, hajakanyaga humu tangu mazishi, anapita kwa nyuma kama mwizi. Mwambieni kamba haikukatika na mkono wake haukulegea. Jiwe ndilo liling'oka, mimi mwenyewe nililiona pengo lake. Mwambieni namshukuru kwa kuwa alimshikilia mwanangu mpaka damu ikamtoka viganjani. Nataka abebe jeneza langu, upande wa mbele.

Jambo jingine ni jina. Hapa tumezoea kumwita mtu kwa nyumba yake, na tangu uolewe hakuna aliyekuita ila Marjun wa Uppistova, kama vile hukutoka popote. Wewe ni Marjun binti Pól, wa nyumba ya Gerði, kijiji cha Sumba. Chuoni jitaje hivyo. La kwetu, ukilitaka, libebe pia. Usipolitaka, liache, hatutanuna.

Ngojeni... nipumue.

Meli ni kesho asubuhi. Hanus atakupeleka mpaka bandarini Syðradalur, ataendesha polepole kwenye mahandaki. Nikiwa bado napumua, nenda. Nikiwa nimenyamaza, nenda vilevile. Usinisubiri. Kuna wanaume wa kutosha hapa kubeba mzee mmoja, na mawe yake yote.

Mungu akutangulie, Marjun. Akupe usingizi mzuri na walimu wenye subira. Sólrun akue, awe mkaidi kidogo. Hanus, Mungu akupe mtu wa kucheka naye humu ndani.

Nimechoka sasa. Kichwa changu kimeshuka... uinueni huu mto.

Hapana. Si wewe, Marjun. Kaa tu, zamu yako imekwisha.

Hanus. Njoo wewe. Weka mkono chini ya shingo... hivyo. Polepole. Hivyo hivyo, mwanangu.