Mbuzi wa Ntheo na Kiingereza cha Bradley

Winfred: Haloo? Nani mwenzangu?

Mutai: Ni mimi.

Winfred: Mimi ni wengi. Hii namba siijui na niko brek, sema haraka.

Mutai: Ni Mutai, Win. Hii ni simu ya Dominiko wa geti la nyuma. Yangu imeisha chaji. Namba yako ndiyo pekee niko nayo kichwani.

Winfred: Na mbona unasikika kama uko ndani ya debe?

Mutai: Kioo kimepasuka chote, hata sioni ninachobonyeza. Nimebonyeza mara tatu ndio ikakubali. Umekula?

Winfred: Nakula. Wali na dengu, wiki ya pili sasa. Uko Umm Salal?

Mutai: Niko kazini, nje ya kabini ya ofisi, kwa kivuli. Na hapo Al Sadd? Hoteli imejaa?

Winfred: Mutai, huwa hunipigii saa saba mchana kuniuliza kama hoteli imejaa.

Mutai: Si nilitaka tu kusikia sauti ya mchumba wangu—

Winfred: Umekata tiketi?

Mutai: Hiyo tiketi—

Winfred: Kwa sababu Baba amepiga asubuhi. Ameshaambia ukoo wote. Jumamosi ya pili ya Disemba watu wa Kericho wanaingia Makueni na mbuzi watatu wa ntheo, na bwana mwenyewe amesimama hapo kwa miguu yake. Amepaka choo chokaa, Mutai. Miaka kumi na miwili hicho choo hakijaona chokaa.

Mutai: Mzee amejipanga.

Winfred: Amejipanga kwa sababu Agosti alijipanga na hukuja. Unajua kwetu bila hao mbuzi mimi si mke wa mtu, hata tukae Doha mpaka tuote nundu. Na unajua alivyosema. Mkikosa mara ya pili, hao mbuzi mkawale wenyewe huko Kericho, na mimi nitafute njia nyingine. Sasa, tiketi.

Mutai: Hebu nikuchekeshe kwanza. Bradley leo—

Winfred: Bradley ndiye nani?

Mutai: Mudiri wetu mpya, bosi wa walinzi, yule Mwingereza nilikwambia. Manze, huyo mtu hawezi kumaliza jambo bila kuuliza "does that make sense?" Leo asubuhi ametukusanya, ametuambia jua likiwa kali tunywe maji. Halafu akatuangalia mmoja mmoja. "Does that make sense?"

Winfred: [anacheka] Kunywa maji?

Mutai: Maji. Juzi ilikuwa geti. Hili geti, watu wangu, linafunguka kwenda nje. "Does that make sense?" Nimesimama kwa hilo geti miaka mitatu. Yeye ana wiki tano.

Winfred: Na mnamjibu nini?

Mutai: "Yes sir." Wote kwa pamoja, kama darasa la nne. Tumeelewa? Ndiyooo mwalimu. Walinzi ishirini na sita, wengine wana wajukuu.

Winfred: Aki nyinyi.

Mutai: Si ndio njia ya kutawanyika? Proscovia, yule Mganda anayekagua akina mama, siku moja alijibu "no sir". Alikuwa hajaelewa kweli. Unajua Bradley alifanya nini? Alirudia maneno yale yale, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde. Kisha akauliza tena, "does that make sense?" Tukajibu sisi wote kwa niaba ya Proscovia.

Winfred: Hao nawajua, niko nao hapa mapokezi kutwa. Mwingereza akikwambia "that doesn't make sense", maana yake hajapenda. Akisema "fair enough", hajakubali. Na "common sense" ni kitu anacho yeye na wewe huna.

Mutai: [anacheka] Hiyo umesomea wapi?

Winfred: Kaunta. Na wanasema ati maana inatengenezwa, kama chapati. Kwetu jambo linakuingia akilini au linakataa, na likikataa hata ulisukume vipi halipiti.

Mutai: Enyewe.

Winfred: Lakini kuna moja ninaiogopa. Ni pale anaposema "makes sense", kavu, bila kuongeza neno. Kulikuwa na mzee mmoja wa chumba mia nne na kumi, AC yake imekufa tangu asubuhi. Nikamweleza, fundi yuko njiani, mafundi ni wachache, joto hili, mambo mengi. Nikangoja anifokee. Akatabasamu tu. "Makes sense." Nikaenda zangu nikijua tumepatana.

Mutai: Na hamkupatana?

Winfred: Kufika jioni amehama hoteli, na jina langu liko mtandaoni pale wageni wanapoandika mabaya yetu. W-I-N-F-R-E-D. Hata hakukosea herufi.

Mutai: Woi.

Winfred: Mwingereza akikufokea bado mnaongea. Akikupa "makes sense" kavu namna hiyo, amefunga mlango na ufunguo ameenda nao. Haya, umenichekesha, na dengu zimepoa. Tiketi.

Mutai: Leo asubuhi, baada ya hayo maji, kulikuwa na jambo lingine.

Winfred: Mutai.

Mutai: Kuna maonyesho makubwa yanakuja hapa kwetu Disemba. Mahema, magari, wageni wakubwa wakubwa. Kwa hivyo likizo zote kuanzia tarehe moja zimesukumwa mpaka—

Winfred: Mpaka?

Mutai: [mtandao unakwaruza] —aari.

Winfred: Mpaka lini? Unakatikakatika.

Mutai: Januari mwishoni. Haloo? Win?

Winfred: Na akauliza lile swali lake.

Mutai: Aliuliza, ndiyo.

Winfred: Na mkajibu.

Mutai: Watu ishirini na sita, Win, ikishaanza huwezi—

Winfred: Sijakuuliza ishirini na sita. Mdomo wako wewe ulisema nini?

Mutai: Nilikuwa mstari wa mbele.

Winfred: Ulisema yes.

Mutai: Jebet wa ofisi akaandika kwa kitabu, wote wameelewa, wote wamekubali. Khalas, imeisha.

Winfred: Kumbe ndiyo maana ya hizi hadithi zote. Umenifanya nicheke dakika tano nzima juu ya mtu aliyekunyang'anya likizo, na likizo yenyewe umempa kwa mkono wako.

Mutai: Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Winfred: Nimeumia, Mutai. Nakwambia wazi ili usije ukaniuliza kesho mbona nimenyamaza. Ijumaa iliyopita kanisani huko Mesaimeer kwaya nzima ilisimama ikaniombea, mama wa watu akanivalisha leso yake mwenyewe. Sasa Ijumaa hii niwaambie nini? Bwana alikuwa mstari wa mbele?

Mutai: Mimi nitawaambia—

Winfred: Ile karatasi ya likizo si ilisainiwa?

Mutai: Ilisainiwa Septemba, na mudiri aliyekuwepo. Ninayo hapa kwa mfuko wa shati.

Winfred: Basi. Huyo Bradley yuko ofisini saa hii?

Mutai: Namwona kwa dirisha. Anakula sandwichi.

Winfred: Ni hatua ngapi kutoka hapo?

Mutai: Kama kumi.

Winfred: Zipige.

Mutai: Win, huyo mtu ni mpole, na hiyo ndiyo shida. Angekuwa wa kunitukana ningejua pa kumshikia.

Winfred: Haya, mimi ni Bradley. Mutai, rafiki yangu, likizo yako nimeisukuma mbele kidogo. Does that make sense?

Mutai: Yes s—

Winfred: Mutai.

Mutai: Imetoka yenyewe. Rudia.

Winfred: Does that make sense?

Mutai: No sir. Haiingii akilini. Karatasi yangu ilisainiwa Septemba, hii hapa. Baba mkwe ananingoja, na Agosti nilimkosa kwa ajili ya geti hili hili.

Winfred: Tena, bila kukohoa.

Mutai: No sir.

Winfred: Hiyo ndiyo sauti niliyoipenda. Wewe mwambie tu hivyo. Akikataa baada ya hapo, amekataa yeye, na mimi nitampigia Baba nimwambie mtu wako alipigana. Hiyo Baba anaweza kuimeza. Hawezi kumeza mtu anayeitikia kila kitu.

Mutai: Naingia. Nikitoka nakupigia. Nakata.

Winfred: Kata, yalla. [milio ya kubonyeza] Bado uko. Hujakata, Mutai. Kitufe hakijashika. Mutai? Umeniweka mfukoni. [mlango unagongwa] Basi, Mungu wangu, ingia na mimi.

Bradley: [kwa mbali, kwa Kiingereza] Ah, Mutai, rafiki yangu. Ingia, ufunge mlango, baridi inatoka. Kuna shida?

Mutai: Hapana, sir. Ni jambo dogo tu.

Winfred: [kwa sauti ya chini] Si dogo.

Mutai: Ni ile likizo, sir.

Bradley: Ndiyo, ndiyo, nakumbuka. Ulikuwa na kitu nyumbani. Harusi?

Mutai: Ni kama hiyo, sir. Ni mbuzi.

Bradley: Mbuzi?

Mutai: Ni mila, sir.

Bradley: Nzuri sana. Mimi napenda hayo mambo. Sasa sikiliza, niko upande wako kabisa.

Winfred: Karatasi. Toa karatasi.

Bradley: Lakini nikikupa wewe ruhusa, itabidi niwape wote, na geti nitamwachia nani? Does that make sense?

Winfred: Sasa. Sema sasa.

Mutai: Yes sir. It makes perfect sense.

Winfred: Hiyo perfect hata hakuiuliza.

Bradley: Wewe ni mtu wa kutegemewa. Na huyo bibi mtarajiwa, hatakasirika?

Mutai: Hapana, sir. Yeye ni mtu mwelewa sana.

Bradley: Safi. Msalimie. Na unywe maji huko nje.

Mutai: Yes sir. Thank you, sir.

[mlango, upepo, milio ya kubonyeza]

Mutai: Haloo? Imeshika? Win?

Winfred: Niko.

Mutai: Afadhali, safari hii imeshika mara moja. [anahema] Nimeingia.

Winfred: Enhe.

Mutai: Nimemkazia, Win. Nimemwambia haiingii akilini. Nikatoa karatasi, nikamwekea juu ya meza.

Winfred: Karatasi umeitoa.

Mutai: Kando ya sandwichi yake.

Winfred: Na alipouliza lile swali?

Mutai: Nikamwangalia machoni. No sir. Manze, alibadilika rangi, hata sandwichi akaiweka chini.

Winfred: Mutai, nakuuliza kama mtu ambaye baba yake anangoja simu. Kama kuna kitu cha kuongeza au kupunguza hapo, hii ndiyo nafasi.

Mutai: Ni hivyo hivyo.

Winfred: Ulisema no.

Mutai: Naapa. Lakini hao watu unawajua. Ameshikilia tu, ati amri imetoka juu. Nimepigana, nimeshindwa. Ongea na mzee, umwambie Januari mwishoni, hao mbuzi hata watakuwa wamenenepa. [anacheka kidogo] Unanielewa, si ndiyo? Win? Unanielewa?

Winfred: Usijali. Mimi ni mtu mwelewa sana.

Mutai: Asante, nilijua tu wewe— Umesema nini?

Winfred: Makes sense.

Mutai: Win, ngoja. Hiyo usiseme. Sema kitu kingine. Nitukane, nifokee, tafadhali—

Winfred: Naitwa kaunta. Mrudishie Dominiko simu yake, umwambie kitufe cha kukata kimekufa.

[laini inakatika]