Binti wa Mfalme Mwenye Mabega

Asubuhi ile kwenye benchi letu nje ya kibanda cha kinyozi tulibanana, maana Nondo, mchomelea mageti, alikuja na televisheni iliyofungwa kwenye shuka, akaikalisha katikati yetu kama mkwe. Anaiuza, tena leo leo. Binti yake wa miaka saba alikuwa nyumbani analia, na Nondo mwenyewe, ukimtazama, alikuwa karibu kulia naye. Kosa la televisheni ni katuni. Nasi, badala ya kumpa pole, tukaagiza kahawa.

— Binti wa mfalme gani anabeba shoka? alianza Nondo. Zamani alikuwa analala zake, anasubiri kuokolewa. Siku hizi anaokoa watu, tena kwa amri.

— Na mabega yale, akadakia Kinyozi. Nimenyoa videvu maisha yangu yote. Kile cha yule dada ni cha mwanamume.

Profesa, fundi simu asiyeshindwa na swali, akaweka kikombe chini.

— Ni kubana matumizi tu. Wanachora mwanamume mmoja, wanafuta sharubu, wanaongeza nywele. Ndiyo maana halii. Machozi hayakuwemo kwenye bajeti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Nondo.

— Wahenga hawakueleza.

— Mimi naona ni njama, alisema Kinyozi. Angalia wanaume wa ile filamu. Mmoja mjinga. Wa pili amelala tangu mwanzo. Wa tatu mbuzi.

— Beberu? aliuliza Profesa.

— Beberu. Na ndiye mwenye akili.

Tukainua vikombe kidogo kwa heshima ya wanaume wenzetu.

Ndipo akafika mama wa saluni, aliyesikia kuna televisheni inauzwa. Akaifunua, akaikagua mbele na nyuma.

— Inafanya kazi?

— Sana.

— Sasa mbona unaiuza?

Nondo akaeleza, shingo upande. Jana jioni panya mkubwa katokea jikoni. Binti kanyakua mwiko, katanua miguu kama yule wa katuni, kamwambia baba yake mzazi: "Baba, kaa nyuma yangu."

— Na ukakaa? aliuliza mama wa saluni.

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Profesa akaagiza kahawa nyingine. Hata wahenga walimtupa mkono.

— Nilikaa, alisema Nondo. Na kusema kweli, mama, nilijisikia salama.

Mama wa saluni akamsaidia kufunga shuka, akaenda kutafuta televisheni kwingine.