Bendera ya Kijani Mlangoni kwa Seabata Ntsane

Marehemu Seabata Ntsane, wa ukoo wa Bakoena, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa Lekokoaneng, mtoto wa kwanza wa Mzee Lebeko na Mama 'Maseabata. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, akaacha ili mdogo wake, Pitso, aendelee na sekondari.

Mwaka 1989 alianza kuchonga mawe machimboni. Ukuta wa mashariki wa kanisa hili ni kazi ya mikono yake. Vumbi la mawe aliliteremsha kwa pombe kila jioni, baadaye hata asubuhi.

Mwaka 1998 alimwoa 'MaPalesa, aliyepika pombe ya mtama na kutundika bendera nyeupe mlangoni ili wanywaji wajue imeiva. Mwaka 2014, marehemu alipolazwa Maseru kutibiwa ulevi, mkewe aliishusha, akapandisha ya kijani, akauza mboga.

"'MaPalesa, sasa tunywe kabichi?" wateja walimtania.

"Tafuneni. Meno si mnayo?"

Marehemu alikaa miaka minne bila kugusa tone. Septemba 2018 familia ilizindua jiwe la kaburi la baba, alilolichonga Seabata mwenyewe. Pitso akampa kibuyu cha pombe.

"Kaka, huu si ulevi, hii ni ya baba. Utamkataa baba?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa.

Ilimchukua miaka miwili na miezi minne kuacha tena. Wengi walisema hana nia. Hawakujua kwamba ugonjwa huu hulala, haufi. Mkewe hakubadilisha bendera. Januari 2021 marehemu alikwenda kliniki kwa miguu yake, na tangu hapo hakunywa tena. Kila Jumatano aliwapitia wenzake kwenda kwenye kikao cha wanaoacha pombe. Aliyeona haya kwa kuwa amelewa, alimwambia, "Njoo hivyo hivyo. Kiti chako hakijakaliwa."

Lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, hospitali ya wilaya. Wiki moja kabla, Pitso alimwomba msamaha.

"Mkono ulikuwa wako, mdomo wangu," alijibu. "Ila siku ya kunizika, kibuyu kisizunguke."

Ameacha mjane, 'MaPalesa, watoto, Palesa na Rethabile, mjukuu mmoja, na mdogo wake Pitso, aliyeandika haya na ndiye anayewasomea. Ndugu mliochimba kaburi, mtuwie radhi: ndoo za leo, badala ya pombe ya desturi, zina uji mchachu tu.

Mokoena, mwana wa Bakoena, pumzika kwa amani. Mlangoni kwako bendera bado ni ya kijani.